Mashine Iliyoamini "Sijambo"

Saa kumi na mbili kamili asubuhi, Mwanza ilisalimiwa. Si jiji zima, ni watu elfu kumi na nne tu wenye maradhi ya kudumu, kila mmoja nyumbani kwake, kuanzia Nyegezi mpaka Igoma, wote kwa wakati mmoja. Juu ya kitanda cha kila mgonjwa palibandikwa kidude cheupe, ukubwa wa kisahani cha chai, na kidude hicho kilisema kwa sauti ya mwanamke aliyelelewa akaleleka: "Habari za kuamka? Hujambo?"

Kiliitwa Kisalimizi. Wagonjwa walikizoea hata wakawa wanakiita dada, kwa sababu ya ile sauti.

Asubuhi hiyo ya mwaka 2081 Kisalimizi kilikuwa kinatimiza miaka mitatu. Katika ukumbi wa Mfuko wa Tiba wa Ukanda wa Ziwa walikaa wageni kutoka miji kumi na miwili, waliokurupushwa vitandani mapema ili waje kukiona kikifanya kazi. Mbele yao alisimama mhandisi aliyekibuni, Minza Lushinge, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, kavaa kitenge ambacho bado kilikuwa kinanukia duka. Ile sauti ilikuwa yake. Aliirekodi mwenyewe, kwa sababu hakuona ni nani mwingine angesalimia vizuri kuliko yeye, na hapo hakuwa anajisifu bure. Mama yake alikuwa mtu wa adabu mpaka basi.

"Kabla ya chombo hiki tulikuwa tunagombania majina ya magonjwa," aliwaambia wageni. "Wenye kisukari walikuwa wengi, wana chama, wana wasemaji, wakapewa kinga kamili. Wenye figo wakapewa nusu. Wenye selimundu wakaambiwa huo ni ugonjwa wa watoto, ukitimiza miaka kumi na minane ujitegemee. Jamani, hivi damu inajua tarehe yake ya kuzaliwa?"

Ukumbi ukacheka.

Akawaeleza habari ya chembetiba. Hizo zilikuwa seli hai zilizooteshwa kwenye mapipa ya kiwandani, zikifika mwilini zinakarabati kile kilichoharibika, iwe kongosho, iwe figo, iwe damu. Mapipa yalitoa dozi elfu tisa kwa siku, na dozi isiyotumika ilikufa kabla ya magharibi. Wagonjwa walikuwa elfu kumi na nne. Hapo hapana ujanja, kila siku lazima kuna watu watakosa. Swali lilikuwa ni nani akose.

"Kwa hiyo tukakifumba macho," Minza alisema. "Kisalimizi hakijui jina la ugonjwa wako. Majina yote tumeyafungia kwenye sanduku la upofu. Kinakusalimia, unajibu, na ndani ya sekunde tisa kinapima pumzi yako, mtetemo wa koo, ulivyochelewa kuitika, kisha kinatoa uzito wa maumivu, sifuri mpaka mia. Kuanzia sitini, dozi inaletwa leo. Kati ya thelathini na sitini, kila siku ya tatu. Chini ya thelathini, unasubiri. Maumivu ni maumivu, yawe ya figo au ya damu."

"Na ufunguo wa kubadilisha hizo namba anao nani?" aliuliza mgeni mmoja.

"Hakuna mwenye ufunguo, ndugu yangu. Hapa kwetu tunajuana. Ukiweka ufunguo leo, ikifika Ijumaa kila mwenye shangazi kashapona." Kicheko kikapasuka tena. "Hata mimi niliyekitengeneza, ndugu yangu akizidiwa siwezi kumsogeza hata hatua moja."

Walimpigia makofi ya nguvu kwa maneno hayo, na yeye akayapokea kwa mikono miwili.

Kwenye skrini walisikilizishwa kwanza Mzee Bugumba wa Igoma, mwenye kisukari, ambaye alikuwa ameridhia sauti yake isikike. "Hujambo?" kiliuliza Kisalimizi. "Aah, mwanangu weee! Jambo ninalo! Huu mguu huu, sijalala, unawaka kama umetiwa pilipili, mimi wa leo au kesho!" Uzito: 74. Dozi yake ikaondoka. Wageni walitabasamu, lakini mzee hakuwa anaigiza. Mguu wake ulikuwa unaoza kweli.

"Sasa msikilizeni mdogo wangu, Limi," Minza alisema. "Yeye ana selimundu tangu kuzaliwa, na yeye pia ametupa ruhusa."

"Habari za kuamka? Hujambo?" sauti ya Minza ilimuuliza mdogo wake.

"Sijambo kabisa, dada," Limi alijibu, sauti laini, haina hata mkwaruzo.

Uzito: 11. Asubiri.

"Huyo mbona mzima!" alisema mgeni wa mstari wa mbele, na watu wakapiga makofi. Minza hakupiga. Alikuwa ameganda, mdomo wazi, macho kwenye skrini.

Ni lile neno "kabisa". Nyumbani kwao mama aliwafundisha kwamba mtu akikusalimia, hata kama umefiwa, kwanza unaitikia vizuri. Sijambo. Nzuri. Salama. Jambo lenyewe husemwa baadaye. Ndiyo maana mama hakuwahi kuishia kwenye salamu. Alikuwa anamuuliza Limi, "Hujambo?" Limi anasema, "Sijambo." Kisha mama anakaa ukingoni mwa kitanda na kusema, "Haya, sasa niambie." Hapo ndipo Limi alipolia. Na siku zile ambazo mifupa ilimkaba hasa, siku za kubebwa mgongoni kwenda hospitali, Limi hakusema sijambo tu. Alikuwa anasema "sijambo kabisa."

Maskini Minza! Miaka mitatu alikuwa anatembea na mashine yake kifuani kama medali, na hilo neno hakulikumbuka hata siku moja.

Aliondoka jukwaani bila kuaga. Maikrofoni ilikuwa bado mkononi mwake alipofika kwenye ngazi za nje, na ukumbini watu walisikia viatu vyake vikikimbia.

Bodaboda isiyo na dereva ilimwambia avae helmeti kwanza. Aliitukana, akavaa.

Kule Kirumba, mlango wa nyumba ya Limi ulitambua kiganja chake ukafunguka. Mdogo wake alikuwa amejikunja kitandani, midomo imegeuka rangi ya majivu, pumzi fupi fupi. Mkononi alishika pindo la kanga. Pindo lilikuwa limelowa na limetobolewa kwa meno. Minza alielewa papo hapo. Kila asubuhi Limi aliuma kanga, akaitoa mdomoni, akajibu salamu, akairudisha.

"Limi!"

"Dada." Akajaribu kuinuka. "Karibu. Sherehe imeisha?"

"Una siku ngapi hujapata chembe?"

"Arobaini na moja."

"Arobaini na... Limi! Na hukuniambia?"

Limi alivuta pumzi mara tatu kabla ya kuweza kujibu. "Kila asubuhi unanisalimia. Nakujibu. Unanyamaza. Nikasema basi, dada ana kazi nyingi."

"Ile si mimi! Ile ni mashine!"

"Najua ni mashine, dada, sijawa chizi. Lakini sauti ni yako. Mtu anakusalimia kwa upole asubuhi-asubuhi, umjibu kwa kilio? Mama angefufuka anichape."

Minza alikaa chini sakafuni, palepale. Miezi miwili hakukanyaga nyumba hii. Alipiga simu mara nne, na mara zote nne aliambiwa sijambo.

Dokta Kaijage, mganga mkuu wa Mfuko, alifika na mtungi wa oksijeni baada ya kupigiwa simu. Alikuwa mzee mkimya, hana mikwara. Alimsikiliza Limi kifuani kwa muda mrefu, kisha akamvuta Minza mlangoni.

"Damu inaganda kwenye mapafu. Oksijeni itamshikilia kidogo. Bila chembe hafiki jioni."

"Tumpatie basi!"

"Kwa njia gani, mhandisi? Umesahau? Ghala halifunguki mpaka Kisalimizi kiseme sitini. Ulitusainisha sote." Hakusema kwa kumsuta, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Minza.

Ilibaki njia moja. Chini ya Kisalimizi kulikuwa na kitufe cha kuomba usalimiwe tena, mara moja tu kwa siku. Limi hakuwahi kukigusa. "Nikibonyeze nikaseme nini?" alisema. "Nimeshaulizwa, nimeshajibu."

"Nisikilize, mdogo wangu." Minza alimshika uso kwa mikono miwili. "Nikibonyeza, kitakuuliza hujambo. Wewe usiseme sijambo. Lia. Piga kelele. Sema unakufa. Tuna sekunde tisa tu, na leo hakuna nyingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Husemi nini?"

"Sisemi sijambo."

Minza akabonyeza.

"Habari za asubuhi? Hujambo?"

"Sijambo, dada," Limi alisema.

Lilimtoka lenyewe! Hata yeye mwenyewe alitumbua macho kwa mshtuko, akaziba mdomo kwa kiganja. Ukutani namba zilianza kupanda, nne, saba, tisa, zikatulia kwenye kumi na moja. Sekunde mbili zilikuwa zimekwenda. Tatu. Dokta Kaijage alisema "Mungu wangu" na kugeuzia uso ukutani. Limi alimtazama dada yake kwa macho ya mtu aliyevunja chombo cha wageni.

Minza akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakujua kwamba ameamua. Alikaa vile mama alivyokuwa akikaa, akasema kwa sauti ya chini, "Haya, sasa niambie."

Kisalimizi kilikuwa kimefundishwa kutosikia sauti yake chenyewe, na sauti yake ilikuwa ya Minza. Hakikusikia swali. Kilimsikia Limi tu.

"Naumwa, dada," Limi alisema, na sauti ikapasuka katikati. "Naumwa! Kifua kinanikata, miguu inavunjika, siwezi, siwezi tena, nakufa mwenzio, nakufa..." Kikafuata kilio ambacho Minza hakuwa amekisikia tangu walipomzika mama.

Kumi na moja. Thelathini. Hamsini na nane. Tisini na tatu.

"Pole sana," kilisema Kisalimizi kwa sauti ya Minza. "Dozi yako inakuja."

Nyukidawa, kile kidege kidogo cha kubeba dozi, kiligonga dirishani baada ya dakika kumi na moja. Saa tisa alasiri midomo ya Limi ilianza kurudi rangi, akaomba uji, akasema una sukari nyingi. Dokta Kaijage alisema mtu akianza kulalamikia uji hafi.

Minza hakuweza kufurahi. Kuna jambo lilikuwa linamtafuna tangu aliposhuka jukwaani, na alimwambia daktari huku wakirudi ofisini: "Huyu nimemsikia kwa sababu ni wangu. Wengine je?"

Sanduku la upofu lilifunguliwa kwa vidole viwili, cha Minza na cha mganga mkuu, kwa mara ya kwanza tangu lifungwe. Majina ya magonjwa yakajipanga kwenye skrini pembeni ya majina ya watu.

Wenye selimundu walikuwa mia sita na kumi na wawili. Mia tano themanini na wanane kati yao walikuwa kwenye kusubiri. Wengine hawakuwa wameona chembe hata moja tangu mashine ianze.

"Haiwezekani," Minza alisema. "Hakijui ugonjwa wao! Kitawabaguaje wakati hakiwajui?"

Daktari alivua miwani. "Mzee Bugumba ameugua ukubwani. Maumivu ni mgeni kwake, lazima atapiga kelele. Hawa wameanza kuumwa kabla hawajajua kuongea. Wamejifunza kujibu kama wazima, kwa sababu walichoka kuwatia watu huruma. Wewe umeipima sauti, mhandisi. Na sauti ndiyo kitu cha kwanza walichojifunza kuficha. Na mimi sikuuliza. Niliwatoa manesi wangu wa kupita majumbani nikashukuru kwamba kazi imepungua."

Minza akaomba orodha ya waliofariki kati yao. Walikuwa thelathini na wanane. Akaomba jibu la mwisho la kila mmoja, na mashine, kwa utiifu wake, ikaanza kuyacheza moja baada ya jingine, sauti za watu waliokwisha kuzikwa.

"Nzuri tu."

"Salama, dada."

"Mhola." Hicho ni Kisukuma cha "salama", na Minza mwenyewe alikuwa ameiongezea mashine lugha hiyo kwa furaha kabisa, ili wazee wajisikie nyumbani.

"Tunamshukuru Mungu."

"Sijambo. Sijui wewe?"

"Simamisha," Minza alisema. "Rudia huyo."

"Sijambo. Sijui wewe?" Alikuwa Mabula Nkinga, mwalimu wa hesabu, Buzuruga, miaka thelathini. Uzito: 8. Alikuwa ameiuliza mashine hali yake, kama mtu anavyomuuliza mtu. Mashine haikujibu kwa sababu Minza hakuwahi kuiandikia jibu.

Chini ya jina lake palikuwa na mstari wa kesho yake. Hakujibu. Uzito: 0. Na kesho kutwa yake. Hakujibu. Uzito: 0. Mistari ilishuka mpaka mwisho wa skrini, siku mia moja na tisa. Kila asubuhi Kisalimizi kilimsalimia marehemu kwa sauti ya Minza, kikamngoja sekunde tisa, na kwa kuwa hakulalamika, kikahesabu kwamba hana maumivu yoyote. Wote thelathini na wanane walikuwa hivyo. Hakuna aliyekwenda kukibandua kile kidude.



Usiku huo Minza hakulala, wala hakukivua kile kitenge chake kipya. Aliandika swali moja la ziada, akarekodi maneno matatu, na ilipofika saa kumi na mbili asubuhi jiji lilisalimiwa upya. "Hujambo?" Sijambo, sijambo, nzuri, salama. Halafu, kwa mara ya kwanza: "Haya, sasa niambie."

Kisha watu wakaanza kusema. Jamani, walisema! Sekunde tisa ziliongezwa zikawa dakika, na dakika hazikutosha. Watu elfu kumi na moja na zaidi walipita sitini, na dozi zilikuwa zilezile elfu tisa. Simu za Mfuko zililia mpaka zikazimwa. Ule uwiano wa dozi na wagonjwa ulioshangiliwa jana ulikuwa umesimama juu ya migongo ya walionyamaza.

Katikati ya makelele hayo, mstari wa Mabula Nkinga ulijibu.

"Sijambo, mwanangu," ilisema sauti ya mwanamke mzee, na baada ya swali la pili ikaongeza: "Leo ndiyo unauliza? Mwanangu amekuitikia vizuri miaka miwili na zaidi. Wewe ulikuwa wapi kuuliza?"

Kisalimizi kikapima. Sauti tulivu. Uzito: 6. Asubiri.

Minza aliinuka. Dokta Kaijage alimuuliza anakwenda wapi, ilhali bodi ya Mfuko imeitwa saa mbili. Minza aliondoka kwa miguu mpaka Buzuruga, akiuliza njia, kwa sababu hakutaka kufika haraka na hakutaka kutofika.

Nyumba ilikuwa ya bati la bluu, uani pamefagiliwa, ufagio umeegemezwa ukutani. Kwenye kiti cha plastiki alikaa mama mnene kidogo, miwani imefungwa kwa uzi, anachambua mchele kwenye ungo. Huyo ndiye Bi. Nkwimba, mamake Mabula. Kupitia mlango uliokuwa wazi Minza aliona kitanda kilichotandikwa vizuri na, juu yake, kile kisahani cheupe.

"Hodi," alisema. "Shikamoo, mama."

Mikono ya mama ikasimama juu ya mchele. Aliijua ile sauti. Ilikuwa inamwamsha kila siku tangu mwanawe azikwe, na sasa ilikuwa imesimama uani kwake, ikiwa na miguu, na macho mekundu, na kitenge kilichokunjamana. Alimwangalia juu mpaka chini, kwa muda.

Lakini mgeni ni mgeni, na salamu ni salamu. Akausogeza ungo.

"Marahaba," alisema Bi. Nkwimba. "Hujambo?"

Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni, lile lile la siku zote. Minza alilizuia kwa meno.

"Nina jambo, mama," akasema.

Bi. Nkwimba akavuta kigoda, akakipangusa kwa pindo la kanga yake, akakiweka mbele yake.

"Haya," alisema. "Kaa uniambie."